Saa ya Kijiko

Kaka yangu alikuwa mchora mabango. Alifariki mwezi wa tatu, na siku ya nne baada ya mazishi nikarudi kazini maktaba kugonga mihuri kwenye vitabu. Watu walinipa pole. Nilizipokea kama mtu anayepokea barua za jirani.

Mwezi wa tano zililetwa hadithi mia na kumi na mbili za shindano la uandishi lililofungwa mwezi wa pili. Msomaji mmoja wa mchujo aliugua, mkuu wa maktaba akaniambia nichukue nafasi yake. Nilimwambia nina kidato cha nne tu.

"Wanaoazima vitabu hapa wana shahada?" akaniuliza.

Mwenzangu alikuwa mwalimu mstaafu. Tulikaa chumba cha nyuma, meza moja, feni haizunguki. Hadithi hazikuwa na majina, namba tu. Kila mmoja alitoa alama zake, tukazijumlisha na kugawa kwa mbili. Iliyofika sitini ilikwenda fainali. Sharti kubwa lilikuwa moja: ukimtambua mwandishi, useme, na hadithi yake itolewe.

"'Kumbe ilikuwa ndoto,'" Mwalimu alisoma, akaiweka karatasi pembeni. "Hii ya tisa. Watu wa mji huu wanalala mno, binti."

"Labda wamechoka, Mwalimu."

"Wachoke, lakini wasituamshe sisi."

Namba sitini na tatu ilikuwa imepigwa chapa, kwa hiyo hapakuwa na mwandiko wa kuutambua. Ilimhusu mtu aliyepewa kazi ya kupaka rangi upya bango la duka lililokwisha kufungwa. Ukurasa wa pili ulianza hivi: "Wakaja saa ya kijiko, jua likiwa bado upande mmoja wa barabara."

Nilirudia sentensi hiyo mara tatu. Maneno hayo yalikuwa ya nyumbani kwetu tu. Sikujua kwamba kaka alikuwa anaandika. Nilisoma hadi mwisho nikaipa sabini, alama ambazo ningempa mtu yeyote. Nadhani.

Mwalimu aliipa arobaini na nane. Akajumlisha, akagawa.

"Hamsini na tisa. Imefia mlangoni."

"Kwa nini arobaini na nane?"

"Bwana huyu alikuwa anakwenda vizuri, mara ananiletea saa ya kijiko. Ndiyo saa gani hiyo? Ya uji? Nimemkata kumi. Ukinieleza maana yake, namrudishia zote."

Ningeweza kujifanya nabahatisha. Ningesema, labda ni saa ya dawa, naye angekubali, na kaka angeingia fainali. Nilifungua kinywa ili niseme hivyo hivyo.

"Ni saa nne asubuhi," nilisema. "Baba yetu alipopooza, kila siku saa nne alinyweshwa dawa kwa kijiko. Miaka sita. Mwishowe hakuna aliyesema saa nne tena."

"Baba yenu? Wewe na nani?"

"Na kaka yangu."

Mwalimu alivua miwani, akaishika mkononi.

"Basi umemponza, binti. Utamwambia nini leo ukifika nyumbani?"

"Alifariki mwezi wa tatu."

Nje ya mlango mtu alikuwa akiburuta viti.

"Pole, mwanangu," akasema. "Sasa si ungenyamaza? Au ungenidanganya kidogo. Mimi mzee ningejua nini?"

"Baba hayupo, mama hayupo, na yeye hayupo. Mwenye kulijua neno hilo nilikuwa nimebaki mimi tu."

Alivaa miwani yake. Alichukua kalamu nyekundu, akakata arobaini na nane, akaandika hamsini na nane. Akajumlisha upya, taratibu, akaandika sitini na nne, akaizungushia duara. Chini yake akaandika: Imetolewa.

Kisha akanisogezea hadithi iliyofuata. Ilihusu harusi. Niliisoma yote, nikaipa hamsini na mbili.