Nahodha Aliyevua Glavu

Saa nne asubuhi mkurugenzi alisimamisha kazi zote, akawaita wafanyakazi wa ghala la samaki waliogandishwa ukumbini. Alikuwa ametoka kwenye semina ya uongozi, na kichwa kilimjaa habari za meli iliyonaswa kwenye barafu ya ncha ya kusini ya dunia, zaidi ya miaka mia iliyopita.

Msimamizi wa zamu alikaa mbele, na habari ile ilimwingia. Meli ilipondwa ikazama. Nahodha akaishi na watu wake juu ya barafu miezi mingi, akamvulia mmoja wao glavu zake, vidole vyake mwenyewe vikaganda. Mwishowe akawaokoa wote.

"Kiongozi haanzi kwa kuhesabu mizigo," mkurugenzi alisema. "Anaanza na watu."

Msimamizi akageuka, akawahesabu watu wake, nusu kwa mzaha. Mmoja alipungua. Ndipo alipoelewa kwa nini ukumbi ulitulia hivyo. Mume wa dada yake, waliyembandika jina la Redio, hakuwemo. Na Redio hata msibani hafungi mdomo.

Komeo la ndani la chumba cha baridi lilikuwa bovu kwa wiki ya tatu sasa. Msimamizi alishaandika barua mbili, akaambiwa asubiri. Mlango waliuzuia kwa kreti usijifunge, maana ukijifunga aliye ndani hawezi kuufungua. Alisimama.

"Samahani, bosi. Kuna mtu simwoni, na nina wasiwasi..."

"Maswali mwishoni. Keti, ndiyo kwanza tunafika patamu."

Watu wakacheka. Akaketi. Alijiambia Redio yuko nje anavuta sigara, ingawa alijua fika si kweli. Alikaa dakika ishirini na tano, akapiga makofi mara mbili pamoja na wenzake, kisha akatoka mbio.

Kreti ilikuwa imeteleza. Redio alikuwa ameegemea mlango kwa ndani, mikono mitupu, maana glavu zilikuwa jozi mbili kwa watu tisa. Vidole vilikuwa vyeupe kama nta.

"Shemeji," alisema kwa taabu, "nimegonga sana."

Hospitali walimkata vidole vinne. Kampuni ikaandika ripoti kwamba mfanyakazi aliingia bila vifaa vya kujikinga, kwa uzembe wake. Msimamizi akakataa kutia saini, na kabla ya wiki kwisha akafukuzwa kazi. Komeo lilitengenezwa siku hiyohiyo.

Alikwenda kumweleza dada yake, akitumaini moyoni kwamba kufukuzwa kule kutampunguzia lawama. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulipogundua hayupo, ulifanya nini?"

"Nilisimama. Bosi akaniambia niketi."

"Mlango wa ukumbini ulikuwa umefungwa?"

"Hapana, dada."

"Haya."

Alisubiri neno jingine, hata tusi. Dada alimpa mgongo, akaendelea kumfunga mumewe vifungo vya shati.