Mashine Haina Tumbo

Maji yaligoma kutoka, mashine ya kufulia ikiwa katikati ya kazi. Mshonaji aliisikia ikiguna, ikanyamaza, ikaguna tena, na alipokuja kuchungulia kwenye kioo cha mlango akakuta kitambaa cha mteja kinaelea kwenye maji ya kijivu. Kila kitambaa kipya alikifua kabla ya kukikata, kisije kikasinyaa baada ya kushonwa na lawama zote zikamwangukia yeye. Na hiki kilikuwa cha mama wa bibi harusi. Mama wa bibi harusi mnawajua wenyewe, hawana subira hata chembe.

Akampigia fundi wa mashine, yule ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, na sababu sina haja ya kuieleza.

"Nitakuja kesho," alisema fundi.

"Kesho yako naijua. Niambie nifanye nini sasa hivi."

Fundi akacheka. "Haya. Izime, chomoa waya ukutani. Halafu angalia bomba la nyuma, kama limejikunja linyooshe."

Bomba lilikuwa zima, limenyooka.

"Basi ni chujio. Chini kabisa, upande wa kulia, kuna kijifuniko. Unasafisha mara ngapi?"

"Kijifuniko kipi?"

"Makubwa," alisema fundi.

Miaka yote hiyo mshonaji alidhani kile ni pambo tu. Akaweka beseni, akatandika matambara, akalegeza chujio kidogo kidogo kama alivyoelekezwa. Maji yakaanza kutoka yakiwa na harufu ya sabuni iliyolala. Akajaza beseni, akakaza, akaenda kumwaga, akarudi, mpaka mgongo ukamuuma. Mwisho akachomoa chujio lenyewe. Likaja na bonge la nyuzi za kila rangi, kumbukumbu ya nguo zote alizowahi kushona, na katikati ya lile bonge kulikuwa na jino.

Jino la bandia, moja, la mbele, kwenye kipande cha plastiki cha rangi ya ufizi, na kiwaya chake cha kushikia. Mshonaji akaketi palepale sakafuni kwenye maji. Alilijua jino lile kama anavyoijua sindano yake.

Lilikuwa la mama yake.

Mama alikuwa akiishi hapa. Jino lilimbana akila, kwa hiyo kila akikaa mezani alilitoa na kulifunga fundo kwenye ncha ya mtandio wake. Hivyo ndivyo alivyotunza vitu maisha yake yote. Ufunguo, vidonge, pini, peremende za wajukuu, vyote vilikaa ndani ya fundo. Binti alimwambia mpaka akachoka, "Mama, si kuna droo?" Na mama alijibu kwamba droo haitembei naye.

Basi siku moja wateja walikuwa wamejaa barazani. Mshonaji akazoa nguo chafu harakaharaka, mtandio ulikuwa kwenye kiti, akautupia ndani pamoja na mashuka. Mwanamke anayeona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara hakuliona fundo lililokuwa mkononi mwake.

Mama alipolikosa jino hakuzunguka. Alisema, "Mashine yako imekula jino langu."

Wajukuu walicheka mpaka wakagaagaa. Mshonaji naye alicheka, na hicho ndicho kicheko kinachomchoma mpaka leo. "Mama," alisema, "mashine haina tumbo."

Mama hakuambilika. Asubuhi wimbo ndio huo, jioni ndio huo. Ili kumnyamazisha, binti akafungua mlango wa mashine, akazungusha mkono ndani mara moja. "Unaona? Hamna kitu."

"Angalia vizuri, mwanangu."

Lakini alikuwa keshaufunga mlango.

Kaka yake alipoambiwa kwenye simu, yeye hakucheka. "Dada, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Akili za mama zimeanza kuruka. Na wewe kutwa uko kwenye cherehani. Mlete huku, kuna mtu wa kumwangalia."

Tuseme ukweli, mshonaji alishusha pumzi. Alikuwa amechoka na mafundo, amechoka na jino. Kuamini kwamba mama amechanganyikiwa kulikuwa rahisi kuliko kupiga magoti mbele ya mashine. Mama akafungashiwa vitu vyake. Mlangoni alijifunika mdomo kwa kiganja, maana hakupenda lile pengo lionekane, akasema kwa upole, "Mimi ni mzima. Nilikuomba uangalie tu."

"Umepata kitu?" Fundi Kesho alikuwa bado hewani.

"Jino la mama yangu."

"Basi imepona. Ijaribu."

Hakuijaribu. Aliliosha jino kwa sabuni na mswaki, kitambaa akakiacha humohumo, potelea mbali mama wa bibi harusi, akaenda kwa kaka yake na nguo alizovaa zikiwa bado mbichi. Njia nzima aliwaza jambo moja: leo mama atarudi nyumbani.

Akamkuta kwenye kochi, msafi, kichwani mtandio uliopigwa pasi. Ncha zake zote mbili zilining'inia bila fundo.

"Mama, jino lako hili hapa. Lilikuwa kwenye mashine. Ulisema kweli tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyeutia mtandio humo. Nisamehe. Nimekuja kukuchukua."

Mama akalitazama jino, kisha akamtazama binti yake kwa huruma. Akampapasa mkono.

"Mashine haina tumbo, mwanangu."

"Mama, ni lako. Litie uone."

Mama akalitia. Likakaa mahali pake sawasawa. Akatabasamu, lile tabasamu lake la zamani, na binti akahisi machozi yanamlengalenga.

"Limekaa kama lile lile," alisema mama. "Aliyelitengeneza ni fundi kweli. Lakini hukuwa na haja ya kunidanganya ili nifurahi. Kaka yako kanieleza vizuri, nasahau mambo. Mwanzoni nilibisha. Sasa nimekubali."

Mshonaji akamgeukia mke wa kaka yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na chai. "Wifi, mwambie."

Wifi akainamisha macho. "Kila siku nilimwambia alilipoteza mwenyewe. Nimwambie nini sasa?"

Chai ikawekwa mezani. Mama, kama kawaida yake, akalitoa jino ili apate kunywa. Binti akajikaza kisabuni, akashika ncha ya mtandio, akamnyooshea.

"Lifunge hapa, mama. Kama zamani."

Mama akaitoa ncha ile mkononi mwa binti yake, taratibu, akailaza begani. Kisha akamkabidhi wifi lile jino.

"Niwekee, mkwe wangu," alisema. "Mimi napoteza vitu."