Shati la Miaka Kumi na Tatu

Tangu asubuhi karakana ya sare ilikuwa inachemka, na si pasi peke yake. Saa nane mchana Mwalimu Mkuu wa shule kubwa ya mtaa wa pili angekuja kuona sampuli, na alishatamka kwenye simu kwamba hataki kuona nguo imening'inia kwenye henga.

"Nataka watoto watatu ndani ya nguo," alimwambia tajiri mwenye karakana. "Wa miaka minne, wa minane, na wa kumi na tatu. Henga haitambai, haipandi dawati, wala haijikuni mgongo."

Tajiri alikata simu akaenda moja kwa moja kwa mkataji wake, mama mmoja mrefu, mwepesi wa mikono, ambaye wenzake walishambandika jina la Mkasi. Miaka tisa Mkasi alikuwa anakatia nguo kwenye kona ya meza, akisubiri wakubwa wanyanyue viwiko ndipo na yeye atandaze kitambaa.

"Tukiipata kazi hii, meza nzima ni yako," tajiri alisema. "Wewe ndiye mkataji mkuu, chaki zote zitafuata yako. Tukiikosa, meza naitoa, tubaki na viraka na kukunja mapindo."

Mkasi alichomeka chaki sikioni. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama cherehani isiyo na kitambaa. Alikunja mikono ya gauni, akacheka peke yake kama mwehu, akaingia kazini.

Watoto hawakutafutwa mbali. Wa miaka minne alikuwa wa Mpiga Pasi, ambaye kila Jumamosi mkewe akiwa zamu huja na mwanawe begani. Wa minane alikuwa mjukuu wa Bibi Vifungo, bibi wa miwani mizito aliyeanza kushona vifungo hapo kabla tajiri hajaota ndevu. Na wa kumi na tatu alikuwa binti wa Mkasi mwenyewe.

Kufika saa sita ubishi ukawa umewaka: umri gani unamtesa mzazi kuliko wote?

"Minne!" Mpiga Pasi aliapa, huku anamkimbiza mwanawe kuzunguka meza, kaptula mkononi. "Huyu nimemvalisha mara tatu, kavua mara nne. Hiyo ya nne sijui kaivaa saa ngapi!"

"Wewe unakimbizana na miguu tu," Bibi Vifungo alimjibu. "Mimi nakimbizana na mdomo. Huyu wangu kanihoji tangu tunatoka nyumbani, mpaka nikakiri makosa ya ujanani."

"Bibi, kwa nini kifungo kina matundu manne?" mjukuu aliuliza papo hapo.

"Mnasikia? Nilikuwa sijameza mate."

"Na mwanao yule mkubwa, bibi, alikusumbua zaidi akiwa na miaka mingapi?" fundi mmoja alichokoza.

"Alinisumbua? Bado tunaendelea! Ana miaka arobaini na miwili. Juzi kaniletea suruali nimtilie zipu, akasimama mlangoni ananihimiza kama mimi ndiye nimeichana."

Kicheko kikasimamisha cherehani mbili. Kisha wote wakamgeukia Mkasi. "Na wewe je?"

"Wangu hana taabu," Mkasi alisema. "Ametulia."

Alisema hivyo, lakini ulimi ulimwasha kidogo. Binti yake alikuwa mtoto wa kusimulia ndoto zake zote kabla ya kunawa uso. Sasa miezi ilikuwa inapita na majibu yake ni matatu tu: ndiyo, hapana, sijui. Akitembea hukumbatia madaftari kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mkasi aliita hali hiyo utulivu, kwa sababu ndilo jina lililompa usingizi.

Na wakati huo binti alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na shati jipya na sketi yake. Robo saa nzima.

"Mwanangu, toka tukuone!"

"Sitoki."

"Una nini?"

"Sitoki tu."

Mkasi alisogea akagusa pazia. Upande wa pili mkono ulilishika ukalikaza. Kisha shati likarushwa kwa juu, likamtua begani. Aliligeuza mara moja tu akaona yote. Kifungo cha pili kilikuwa kinaning'inia kwa uzi, na tundu la cha tatu limevutwa mpaka likawa kama mdomo wa samaki.

Akachomoa kadi ya vipimo mfukoni. Ilikuwa ya mwaka jana.

Hapo akaona haya mpaka masikio. Mwezi huo alikuwa amepima watoto wa mitaa miwili, mmoja mmoja, hata wale wanaotekenyeka. Ilipofika zamu ya binti yake, binti alisema, "Usinipime," na yeye akachukua kadi ya zamani. Mtoto wangu, alijiambia, namjua kama kiganja changu. Kosa kama hilo angelifanya mwanafunzi wa wiki mbili, angerudishwa kufagia nyuzi.

"Saa saba kasoro kumi," tajiri alisema kwa sauti iliyokauka. "Tutafute mtoto mwingine?"

"Weka pini kwa ndani," Mpiga Pasi alishauri.

"Mwalimu Mkuu atageuza kila mshono. Pini itamchoma kidole, na sisi itatuchoma maisha," tajiri alikataa.

"Mwanangu," Mkasi alisema karibu na pazia, "acha nikupime haraka. Dakika mbili."

"Ndiyo, halafu upige kelele!" Sauti ya binti ilitoka nyembamba, imejaa machozi. "Unavyopima watu! 'Kifua themanini na mbili! Kiuno sitini na nane!' Karakana nzima inaandika, na mtu aliyeleta soksi mlangoni anasikia. Dada wa nyumba ya tatu uliyempima juzi alilia mpaka kwao. Wewe ulishaita mwingine."

Mafundi waliinamia kadi zao. Ndivyo kazi ilivyofanywa pale tangu zamani: mkataji anavuta futi ya kupimia, anatangaza, na fundi wa mwisho chumbani anaandika kwenye kadi. Sauti ya Mkasi ilisifiwa kwa hilo. Watu walikuwa wanasema anaweza kumpima mtoto hapa na kadi ikaandikwa kule ng'ambo ya barabara.

Mkasi alikuwa na maneno mazuri ya kusema, lakini saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Akavua futi shingoni, akachukua kadi tupu na kalamu, akavisukuma vyote chini ya pazia. Kisha akaketi sakafuni, mgongo kwa pazia, akawapungia wenzake wasogee mbali.

"Jipime mwenyewe," alinong'ona. "Mimi nakuambia pa kushika, wewe unaandika. Sitazami, sisomi kwa sauti."

Halafu futi ikasikika ikifunguka.

"Ianzie wapi?"

"Chini ya kwapa. Izunguke mgongoni, isishuke. Usiikaze. Sasa pumua."

"Nipumue kwa nini?"

"Darasani hutapumua?"

Nyuma ya pazia kukatoka kicheko kifupi, cha puani. Mkasi alikifahamu kicheko kile. Alikuwa hajakisikia tangu mvua za mwaka jana, na kilimwingia mwilini kama chai ya kwanza ya asubuhi. Akaendelea: bega, mkono, urefu wa mgongo. Mwishowe kadi ikatoka chini ya pazia. Pamoja na namba kulikuwa na mchoro wa shati, na mishale miwili. Wa kwanza uliandikwa: hapa panapanda nikinyoosha mkono. Wa pili: ongeza kifungo kimoja hapa katikati, kwa ndani, kisionekane.

Mkasi aliusoma mchoro ule mara mbili. Miaka tisa ya chaki, na hilo la kifungo hajawahi kulifikiria!

Akaruka juu kama aliyekalia sindano. "Haya jamani! Meza!"

Viwiko vyote vikaondoka bila kuombwa. Kitambaa kikatandazwa, chaki ikateleza, mkasi ukalia kra-kra-kra bila kupumzika. Chini ya kwapa alikata kipande cha pembe nne cha kuupa mkono nafasi. Mgongo ukaenda kwa fundi wa kwanza, mikono kwa wa pili, kola kwa tajiri mwenyewe, ambaye hajagusa cherehani tangu aanze kuitwa tajiri.

"Kola!"

"Inakuja!"

"Inakuja kutoka wapi, tajiri, ng'ambo?"

"Usinihimize, nimesahau kukanyaga!"

Bibi Vifungo alikuwa ameshatunga nyuzi sita kwenye sindano sita, amezipanga kifuani kama nishani. Mtoto wa miaka minne alitambaa chini ya meza, akatokea upande wa pili amevaa mkono wa shati kichwani. Baba yake akaunyakua, akaupiga pasi, akaupitisha mbele, yote kwa pumzi moja.

Saa nane kasoro kumi, gari likasimama nje.

"Kaja!" tajiri alilia. "Kawahi!"

Bibi Vifungo alimshika mjukuu wake bega. "Kamshike Mwalimu pale mlangoni."

"Nimshike na nini?"

"Na maswali. Yote uliyonayo. Leo nimekuruhusu."

Mtoto aling'aa kama amepewa zawadi. Wakamsikia nje: Shikamoo Mwalimu, kwa nini gari lako lina vumbi upande mmoja? Kwani walimu nao wana walimu wao? Ukikosea ubaoni, nani anakupa adhabu? Na Mwalimu Mkuu, mazoea ni mazoea, alisimama akajibu moja baada ya jingine. Ndani, kifungo cha mwisho kikapita, cha ndani kikafuata, Bibi akakata uzi kwa meno, pasi ikashuka na mvuke, na shati, bado la moto, likapita juu ya pazia.

Mwalimu Mkuu aliingia, mwanamke mnene wa hatua za haraka. Akamgeuza wa miaka minane, ambaye aliendelea kuuliza. Akambana wa miaka minne, ambaye kwa maajabu ya siku ile alikuwa amevaa kila kitu, kasoro kiatu kimoja.

"Na mkubwa?"

Mkasi alitazama pazia. Hakuita.

Pazia likavutwa, binti akatoka. Shati lilimkaa kama lilizaliwa naye. Mabega yake yalikuwa juu, na mikono, kwa kukosa daftari la kukumbatia, ilining'inia tu kandoni, haijui la kufanya.

Mwalimu Mkuu alimzunguka. Akakagua kola, akapindua pindo. Kisha akasema, "Chukulia nimeuliza swali na wewe unajua jibu."

Binti akanyoosha mkono, juu kabisa. Shati halikupanda. Mbele hakikufunguka kitu.

Mwalimu Mkuu alibaki anamtazama. "Tena," alisema. Binti akanyoosha tena. "Wasichana wangu wa umri huu wamekoma kunyoosha mikono," Mwalimu alisema polepole. "Mwaka mzima nawagombeza. Nasema wamezubaa, wamekuwa wavivu. Kumbe wanashikilia mashati!" Akakiona kile kifungo cha ndani. "Hiki nani kakibuni?"

Tajiri alifungua mdomo, lakini Mkasi alimwahi. "Huyo uliyesimama mbele yake."

"Na siku ya vipimo nitafanyaje? Fundi akifika tu, nusu ya wasichana wanajifungia chooni."

Mkasi alitaka kujibu, ila binti alimtangulia, na akasema maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu mwaka uanze. "Wape futi wapimane wawili wawili, kila mtu aandike kadi yake aikunje. Mama atawafundisha pa kushika. Anafundisha vizuri akiwa hatazami."

Mwalimu Mkuu akacheka mpaka mkoba ukamtoka begani. "Jumatano saa mbili asubuhi, mje wote wawili. Tajiri, kazi ni yenu. Mashati mia tatu, na yote ya wasichana yawe na hicho kifungo."

Alipoondoka, karakana ililipuka. Mpiga Pasi alimrusha mwanawe juu, mtoto akashuka bila kaptula. Tajiri alimkumbatia Bibi Vifungo akachomwa na sindano nne kati ya sita, akacheka tu. Mkasi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikwenda kwenye robota la kitambaa, akalibeba zima zima, akalifungua kutoka mwanzo wa meza mpaka mwisho, na hakukuwa na kiwiko cha mtu yeyote njiani. Kitambaa kikafika upande wa pili, na mikono miwili ikakidaka.

"Nishike wapi?" binti aliuliza.

"Hapo hapo kwenye kingo. Nyoosha."

Walinyoosha. Binti akalainisha kunyanzi kwa kiganja, kisha akasema bila kuinua uso, "Mama, na nikifika kumi na nne itakuwaje?"

Mkasi alifikiri, chaki mkononi, tabasamu limemshinda kulizuia.

"Sijui, mwanangu. Na mimi sijawahi kuwa na wa kumi na nne. Vuta upande wako."