Hapa Pana Mtu

Usiku wa jana niliota ndoo yangu mwenyewe, ile nyekundu ya lita kumi, inaniambia nisimame kwa adabu. Msinicheke. Sikilizeni kwanza mambo yalivyokuwa, maana mimi si mtu wa kugombezwa na ndoo.

Tuko kambini kando ya ziwa, mimi na mume wangu Baba Semeni, na Hiace yetu aliyoigeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, mapazia nimeshona mwenyewe. Wenzetu nao wana magari-nyumba yao. Hakuna anayegawa nafasi, unafika unachagua. Jana tuliwahi, tukapata namba nne, chini ya mwarobaini, kivuli kizito mpaka unatafuta shuka mchana. Namba tano, pembeni yetu, nikaweka ndoo na kuanika kanga yangu iliyoandikwa WEMA HAUOZI. Nilikuwa namshikia nafasi shoga yangu Mwanaidi, aliyesema huenda akaja leo, huenda asije.

Saa saba mchana ikaingia Land Rover kuukuu. Baba mmoja wa makamo akashuka, akanisalimia vizuri tu.

"Shikamoo mama. Samahani, hapa pana mtu?"

Ndani ya gari alikaa bibi kizee, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. Nilimwona. Sitasema sikumwona.

"Marahaba, baba. Hapa pana mtu," nikajibu.

Wakaenda kuegesha kule mteremkoni, karibu na vyoo, jua la utosi. Mimi nikala, nikaoga, nikalala usingizi wangu bila wasiwasi.

Sasa, ndotoni natoka kuoga, mchana kweupe, taulo begani. Nafika garini, namkuta Baba Semeni anakunywa chai, na kwenye kiti changu imekaa ndoo. Haina miguu, lakini imekunja nne.

"Simama kwa adabu, mama," inasema. "Hapa pana mtu."

"Mtu gani?"

"Mimi."

Namgeukia mume wangu. "Baba Semeni, hebu itoe hii ndoo."

Ananitazama kwa upole, kama anavyowatazama wauza vitambulisho vya bima. "Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta nani? Mimi si mke wako!"

"Mke wangu huyu hapa," anasema, na kuupapasa mshikio wa ndoo. "Amekaa tangu jana mchana, hajanigombeza hata mara moja."

Lo! Miaka thelathini na moja ya ndoa. Nasema kweli, niliogopa.

Ndoo inanieleza taratibu, kama muuguzi. "Jana ulitamka mbele ya watu kwamba hapa pana mtu. Nikatazama huku, nikatazama kule, sikuona mwingine. Nikajua ndiye mimi. Kitanda cha gari hili ni cha watu wawili, kwa hiyo mmoja amezidi."

"Basi wewe ndiye uliyezidi!"

"Mimi nimeshashikiwa nafasi. Kama una malalamiko nenda ofisini. Wanafunga saa kumi. Wakishafunga, imekwisha hiyo."

Nakimbia. Ofisi ya kambi naijua, kibanda cha mabati, ukipiga chafya umefika ukutani. Leo ina urefu wa uwanja wa mpira na ndani kuna foleni, lakini watu hakuna. Kuna mawe saba, dumu la maji, kandambili moja ya mguu wa kushoto, na tofali. Ni kama bombani, mtu anaweka kitu chake kwenye mstari halafu anakwenda kusuka nywele.

"Nani wa mwisho?" nauliza.

"Mimi," linajibu tofali. "Shika nyuma yangu."

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu Jumanne. Mwenyewe alisema anarudi sasa hivi."

Naliambia pole. Halafu nachungulia saa ya ukutani, naona ni tisa na nusu, nami sina muda wa kungoja tofali. Najipenyeza pembeni kwa heshima zote.

"Foleni, mama! Foleni!" inapiga kelele kandambili. "Hivi watu wazima mna nini?"

Nikigeuka kuijibu, mabati yameondoka. Niko katika bweni la wasichana nilikokuwa matroni miaka ishirini, vitanda vya chuma pande zote, na kwenye meza yangu ya zamani amekaa Afisa wa Nafasi. Ni futikamba ya fundi ujenzi, ile ya njano inayojirudi yenyewe.

"Matroni," inasema, "wewe si ndiye uliyekuwa unawapigisha magoti wasichana waliowashikia vitanda marafiki ambao hawajafika?"

"Ndiye, mheshimiwa."

"Ukiwaambia nini?"

"Kwamba kitanda ni cha aliyefika."

"Mkuki kwa nguruwe," inasema futikamba, wala haimalizii. "Shahidi aingie."

Anaingia nani? Kanga yangu! Inatembea wima, imejifunga yenyewe kiunoni.

"Mheshimiwa, mama huyu amenivaa miaka sita, hajanisoma hata siku moja," inasema. "Jana nilikuwa mkavu tangu asubuhi, akanianika eti nimelowa. Nimedanganya watu mchana kutwa, na maandishi haya mgongoni."

"Msaliti mkubwa wewe!" naiambia. "Nilikununua mimi!"

Dirishani mwarobaini nao unaingiza tawi, hakuna aliyeuita. "Mimi natibu maradhi arobaini," unasema. "Mniwie radhi, uroho haumo."

Haya makubwa, madogo yana nafuu. Niliona aibu, ile aibu yenyewe inayowasha masikio. Nikapiga magoti pale nilipowapigisha wale watoto wa watu, sakafu ni baridi vilevile.

"Mheshimiwa, nataka nafasi yangu kwa mume wangu. Nifanye nini?"

"Sema tena ulichosema jana."

"Hapa pana mtu."

Futikamba inajinyoosha mpaka midomoni mwangu, inapima, inaandika. "Kosa lenyewe halina ukubwa. Umezidisha *pa* moja. Ukiitoa, inabaki nini?"

Nahesabu kwa vidole. Ha. Pana. Mtu. "Hapana mtu."

"Naam. Itoe, umpelekee aliyeambiwa. Una dakika kumi."

Nakohoa. Nakohoa tena, kwa nguvu, na *pa* inadondoka mezani, puu! Ukubwa wake ni wa mkate, uzito wake ni wa jiwe la kusagia. Naitwika begani, nageuka nione mlango uko wapi, nakuta tayari nimesimama mteremkoni kando ya vyoo.

Land Rover inateleza polepole kuelekea ziwani. Ndani yake yule bibi anamenya chungwa.

"Bibi, shikamoo! Gari linaondoka!"

"Marahaba, mwanangu. Linaondoka tangu jana. Hendibreki imekufa. Mtoto wangu amekwenda kutafuta jiwe la kuwekea tairi."

"Sasa kwa nini hamkukaa kule juu, penye tambarare?"

Swali hilo lilinitoka kabla sijalifikiria.

"Tuliambiwa pana mtu," anasema bibi. "Mwenyewe hajambo?"

"Hajambo. Ni ndoo, bibi."

"Mpe salamu zangu."

Tairi la mbele limefika kwenye matope. Natazama huku na huku, jiwe hakuna. Nina hii *pa* tu begani, na hapo ndipo akili inanijia. Nikiiweka chini ya tairi sitaweza kuichukua tena. Je, Mwanaidi akija? Na sherehe za harusi je, viti vya mbele nitamshikiaje dada yangu? Kanisani wakati wa Pasaka je? Mwanamke mtu mzima ataishije mjini bila kuweza kusema pana mtu?

Nilisita. Naungama nilisita, bibi wa watu anakwenda majini na chungwa lake, na mimi nafikiria viti.

Maji yakagusa tairi. Bibi akanyanyua ule mguu wenye bandeji kwa mikono miwili, taratibu, usilowe, wala hakunilaumu kwa neno. Hapo nilishindwa. Nikapiga magoti kwenye tope, nikaisukuma *pa* chini ya tairi kwa bega. Gari likatikisika, likasimama.

"Ahsante, mwanangu," anasema bibi, na kunipa kipande cha chungwa. "Lakini ujue ukiiondoa, nami nimekwenda."

"Siiondoi, bibi. Kaa kwa amani."

Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa kitamu. Kutoka kule juu nikasikia sauti ya mume wangu, naye sasa ananiita kwa jina langu, "Mama Semeni! We Mama Semeni! Chai inapoa!"

Nikaamka. Kumekucha, niko kitandani kwangu, ndani ya Hiace, na Baba Semeni amesimama mlangoni na kisu mkononi. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo jinsi alivyokunja uso kwa kuchelewa kwangu kuamka. Mgeni hakunjiwi uso namna ile.

"Nikukatie tikiti au papai?" akauliza.

"Pai," nikasema.

"Nini?"

"Pai."

"Meno yamekufanyaje wewe?"

Nikajaribu tena, polepole, nikiushika mdomo kwa vidole. Pai. Nikajiambia ni usingizi.

Simu ikalia, ujumbe wa Mwanaidi: *Shoga nipo njiani, saa nne nakuja, kivuli changu usimpe mtu.* Ndipo nikamwona yule baba wa Land Rover anapanda kutoka mteremkoni, macho mekundu, suruali imejaa tope mpaka magotini.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Tumekesha tunashikilia gari kwa mawe, na mama yangu na mguu wake ule hawezi hata kushuka garini kwenye mteremko. Nimeona niulize tena. Hapo namba tano bado pana mtu?"

Ndotoni nilikuwa mtu mwema. Asubuhi, na ujumbe wa Mwanaidi mkononi, nilikuwa mimi. Nikavuta pumzi, nikakaza uso, nikamjibu kwa sauti ya umatroni.

"Hapana mtu."

Akapigwa na butwaa. "Kweli, mama?"

Baba Semeni naye akaacha kukata papai. Nikatikisa kichwa kwa nguvu, nikamwonyesha ndoo, nikamwonyesha kanga, nikasimama kabisa mlangoni.

"Nasema hivi, hapana mtu! Unanisikia? Hapana mtu!"

"Nimesikia, mama yangu, nimesikia," akasema. "Mungu akuzidishie." Akageuka, akaushuka mteremko mbio, akimwita mama yake.