Bwana Njiani

Gazeti la Ganda la Ndizi lilianza kama utani wa walimu wa Bugene: karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, wino ukichafua vidole. Melkiory alichora. Mimi nilichapa stensili, kwa kuwa nilikuwa nimetoka chuoni na nilipenda kazi isiyonilazimisha kusema mbele za watu. Kufikia mwaka 1988 lilisomwa kwa sauti vilabuni, kuanzia Kihanga mpaka Mabira, na wakubwa waliozoea kuchelewa mikutanoni wakaanza kuwahi kwa kuogopa kuchorwa.

Waliyemwogopa ni Bwana Njiani, mtu wa michoro ya Melkiory. Kofia ya mgambo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, barabara ndefu mbele yake, na maneno yaleyale kila toleo: "Nipo njiani." Lori la mbolea lisipofika, ndiye yeye. Mganga wa zahanati asipokuja, ndiye yeye. Watu wakaongeza yao. Ukiulizia kitu kilichoahidiwa unajibiwa, "Bwana Njiani kaonekana Kihanga jana," maana yake usisubiri.

Speciose alisubiri.

Alitufikia asubuhi moja akitokea Mabira, mama mzee, khanga yake imejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa ninyi ndio mnajua alipo Mbonimpa."

"Mbonimpa ni nani, mama?"

"Mwanangu. Alikwenda vitani na mgambo, karibu miaka kumi sasa. Sokoni wanasema yule wa njiani kaonekana Kihanga. Nikaenda Kihanga, wakasema kapita Kayanga. Kayanga wakacheka, wakanielekeza kwenu."

Niliona aibu. Nikamwonyesha gazeti ili aelewe kwamba ni mchoro tu. Akapitisha kidole polepole juu ya kile kiatu cha mkononi.

"Kilikuwa kikimbana," akasema. "Hata shambani alikivua hivi hivi."

Nikamgeukia Melkiory, nikitegemea atacheka. Kalamu ilikuwa imemponyoka. Akatoka nje. Nikampa mama uji, kisha nikamfuata.

"Nilikuwa naye," Melkiory alisema akiangalia migomba. "Mguu ulimvimba, akabaki nyuma. Akasema tangulieni, nipo njiani. Mara tukasikia mlipuko. Nikarudi. Nilimfukia mimi."

"Na kwao hukwenda?"

"Alisema kwao Mabira. Mpaka leo sijakanyaga Mabira, Kemirembe."

"Kwa nini ukamchora?"

"Nikifumba macho anatembea. Nikaona nimpe barabara. Nilidhani watu wakimcheka, nitaacha kumwona." Akajifuta uso. "Sasa anaonekana mpaka Kihanga."

Nilitaka kumgusa bega, nikashindwa.

"Nimchore amefika nyumbani," akasema. "Nimpelekee mama yake. Atafurahi."

"Atamtandikia kitanda, amsubiri," nilisema.

Tulipogeuka, Speciose alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Kama amekufa niambie nilie," akamwambia Melkiory. "Kama yu hai, mlete. Barabarani usimwache."

Melkiory akapiga magoti kwenye vumbi, akamweleza yote: mguu, mlipuko, shimo alilolichimba, mti uliokuwa karibu. Mama akaweka kikombe chini.

"Alikuwa amekula?"

"Asubuhi ile tulikula ndizi za kuchoma, mama. Akanimegea yake."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayemsikia mwanawe akizungumza chumba cha pili. Kisha akakaa chini kwenye majani ya migomba, akajifunika khanga usoni, akalia. Melkiory alikaa naye mpaka jua likahama.

"Msimchore tena," alituambia alipoinuka. "Ametembea sana."

Toleo lililofuata lilikuwa na barabara tupu. Wasomaji walilalamika, wengine wakadhani wakubwa wametutisha. Hatukueleza. Melkiory alikuwa Mabira siku zile, akiomboleza pamoja na ndugu wa marehemu.

Tuliweza kuuondoa mchoro tu. Maneno yalikwisha kuwa ya watu. Mpaka leo hapa Bugene ukimuulizia mtu aliyechelewa, utajibiwa, "Yupo njiani," na wote watacheka. Mimi hugeuka kuangalia barabara.