Foleni ya Nyongeza

Mume wangu ni koplo. Alistaafu jeshi miaka kumi na tisa iliyopita, lakini jeshi lenyewe halina habari, bado linakaa ndani yake halilipi kodi. Sisi ndio tunaolipa. Na mwaka huu mwenye nyumba alipandisha kodi bila hata kukohoa. Vyumba vyetu viwili vilevile, bomba lilelile linalolia usiku, bei mpya. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi: tuongeze au tufungashe.

Pensheni ilikuwa imesimama palepale tangu bei ya sabuni ikiwa ya kuchekesha. Kisha likatoka tangazo kwamba wastaafu wa jeshi wataongezewa saba kwa mia kwa sababu ya kupanda kwa gharama za maisha. Sharti, kila mmoja afike ofisini mwenyewe ahakikiwe kwamba yu hai. Siku ya mwisho Ijumaa, dirisha linafungwa saa tisa. Ukikosa, unasubiri mwaka mwingine. Nikapiga hesabu kwa vidole: saba kwa mia inaziba pengo la kodi na kubakiza ya chumvi.

Mzee aliahirisha wiki nzima, mara viatu havijang'aa, mara nishani imepotea. Ijumaa akatoka alfajiri, wa kwanza kabisa mlangoni. Nikajua saa nne atakuwa amerudi.

Saa saba hajarudi. Nikajifunga kanga, nikamfuata.

Nilimkuta karibu na mkia wa foleni, kifua mbele, ameridhika kama bwana harusi. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, kwamba alifika sajenti, akampisha. Akafika luteni, wote wawili wakampisha. Wakaja makapteni. Kila aliyezidi cheo alipotokea, watu walipiga hatua moja nyuma, hakuna aliyewaambia. Watu wazima, wengine na magongo, wamejipanga kwa vyeo walivyokwisha kuvirudisha ghalani pamoja na mablanketi. Nyuma yake walibaki askari wa kawaida tu, nao hawakulalamika.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kodi nayo tuipishe?"

Akasema kwa sauti ya chini nisimwaibishe mbele ya wakubwa.

Hapo akaingia meja mstaafu, mrefu, kofia mkononi. Foleni nzima ikarudi nyuma kama mlango wa kuteleza, na meja akajikuta dirishani. Karani alikuwa anahudumia mtu mmoja kwa robo saa. Hesabu hiyo haikuhitaji shule: mume wangu asingefikiwa leo.

Maisha yamenifunza kwamba aibu haina mfuko wa kuwekea kodi. Nikamwendea meja, nikamwamkia, nikamuuliza kule kambini, kwenye foleni ya chakula, nani alikuwa anapakuliwa kwanza. Swali hilo jibu lake nililijua. Mume wangu amenisimulia mara elfu jinsi wakubwa walivyosimama na sahani tupu mpaka askari wa mwisho ashibe.

Meja aliniangalia, kisha akageuka akaitazama foleni.

"Shemeji, wewe ni mke wa nani?"

"Wa yule koplo kule mkiani, afande. Ndiye aliyefika wa kwanza."

Akavaa kofia. "Sikilizeni. Hili si gwaride, ni foleni ya chakula. Nyuma geuka!"

Wazee waligeuka, magongo na yote. Askari wa kawaida wakaja dirishani, nyuma yao makoplo, na meja akajiweka mwisho. Karani naye alizinduka, akaita mwenzake, dirisha la pili likafunguliwa. Saa nane na dakika kumi mume wangu aliweka kidole kwenye mashine, ikakiri kwamba yu hai. Nikamshika mkono tuondoke. Hakutikisika. Waliokwisha kuhudumiwa walikuwa wamesimama ukutani wote.

Saa tisa ilipogonga, karani alichukua kibao cha kufungia. Meja alikuwa bado hatua moja kutoka dirishani. Mume wangu, ambaye hajawahi kumkatalia mtu wa ofisini hata karani wa posta, akaweka kiganja juu ya kaunta.

"Bado mmoja hajala."

Karani akatazama ule ukuta wa wazee, akakiweka kibao chini, akavuta kiti akaketi tena.

Mwisho wa mwezi nyongeza iliingia. Nikampelekea mwenye nyumba kodi yake mpya, akahesabu mara mbili, ikatimia. Akataka kujua kama mzee angemwezekea kibanda chake cha nyuma ya nyumba. Nikamwambia kazi anaiweza, ila amtafute sajenti wa kumtuma, maana mimi nimemwomba anirekebishie jiko tangu mwaka juzi.