Mbegu Mbili za Mshubiri wa Mpakani

Leonsia alimkataza binti yake Nice mambo mengi, ila maua hakuyakataza. Aliona afadhali. Mabinti wengine wa Kibimba wakimaliza kidato cha nne walikimbilia Lusahunga, kwenye kituo cha malori. Wake alishinda barazani na makopo yake ya havothia, vimimea jamii ya mshubiri, vya kuenea kiganjani, ncha za majani zinapitisha mwanga kama kioo. Vya kwanza aliletewa na Jean Paul, dereva anayesali nao. Kuuza hauzi. Raha yake ni kuviozesha: anachomoa unywele mmoja wa mswaki, anachukua vumbi la ua hili anapaka ua lile, kisha tunda analivika kipande cha soksi, likipasuka mbegu zisipotee. Majirani wakamwita mshenga.

Siku moja alirudi kutoka nyuma ya migomba, unywele ameushika juu kwa uangalifu. Akasema amepata bwana harusi mpya, ule mshubiri mkubwa wa mpakani umechanua.

Leonsia alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama.

Maana pale hapakuwa mpaka. Pale alilala pacha wa Nice, aliyetangulia kuzaliwa, akaishi siku chache. Kwa watu wao pacha wa kwanza ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Hilo kila mtoto analijua. Mama mkwe alimsihi Leonsia ambebe aliyebaki, waende kaburini amuage mwenzake, la sivyo ataitwa na marehemu amfuate. Leonsia akakataa. Aliogopa kumsogeza mtoto mzima karibu na shimo lile. Mume akapanda mshubiri juu ya kaburi. Butoyi akabatizwa Nice, na alipoanza kuulizauliza, akaambiwa ile ni alama ya mpaka. Mume na mama mkwe walipofariki, aliyejua akabaki mmoja.

Angesema siku ile. Badala yake akasema asiguse vitu vya mpakani, atawagombanisha na Ndizeye wa jirani. Nice akajibu kuwa vumbi la ua si shamba.

Akapaka kwenye havothia yake, likashika tunda moja, ndani mbegu mbili. Nice akazipanda kwenye mchanga wa mto, katika chupa ya maji iliyokatwa, akafunika na nailoni. Moja ikaota asubuhi, ya pili jioni yake. Akamwita mama aje aone.

"Huyu mkubwa ni Bukuru," akasema. "Na huyu mchelewaji ni Butoyi wangu."

Ni utani ambao yeyote angeutania. Leonsia akarudi ndani.

Bukuru akakua mweupe, bila hata chembe ya kijani. Nice akaeleza kwamba wengine hutoka hivyo ukichanganya mbegu, na mmea usio na kijani haujilishi. Aliyaeleza vizuri, lakini sahani yake ikawa inarudi na chakula. Alisema anaona vibaya kula mbele ya Bukuru asiyeweza kula. Mkono wa mtoto ukapungua mpaka bangili ikapanda kwenye kiwiko, na Leonsia bado anatafuta maneno ya kuanzia.

Wiki ya nne mche mweupe ukalala. Nice akaubeba kwenye kijiko kuelekea migombani. Mama akamfuata, na alipomwona anafukua chini ya mshubiri, akayamwaga yote kwa pamoja, jina, siku, na woga wake.

Nice hakulia. Aliushindilia udongo kwa kidole.

"Najua pana kaburi, Mama. Tangu mdogo najua. Nilidhani ni langu, linaningoja."

Wewe uliyefukia pacha mmoja bila kumwambia aliyebaki, mpeleke akaage angali wa kubebwa. Usingoje wako aende mwenyewe. Makopo yote ya Nice sasa yapo kule migombani, na yeye yuko nayo tangu kunapokucha. Leonsia huita chakula kikiwa tayari. Huita mara moja, kisha anasimama mlangoni kusikiliza kama ataitikiwa.